Kinachokosekana kwenye Mwanga

Uholanzi, 9 Septemba 2023

Baba yangu mpendwa, shikamoo.

Mwalimu Anselmi, shikamoo na wewe unayesoma kwa sauti. Ukifika mahali ambapo Baba anaguna, simama umwache agune, kisha uendelee.

Natimiza ulivyotaka, Baba. Wiki ya kwanza nilipofika huku nililia kwenye simu, nawe ukashindwa kula siku mbili. Ukasema simu basi. Ukasema kama kuna neno liandikwe, lipite kwa Mwalimu huko Kilosa, naye alilete kwako Mikumi likiwa limeshapoa. Basi hili hapa, na safari hii si la kilio.

Uliuliza kazi yangu ni kazi gani hasa, maana mnadani ukiwaambia watu kwamba binti yako anasoma nyota, wanadhani nawatabiria watu bahati zao. Sikiliza. Kati ya nyota na nyota si patupu. Kuna mawingu membamba sana, na ndani yake kuna molekuli kubwa za kaboni, ndugu wa yale masizi yanayoganda kwenye masufuria ya shangazi. Nyingine zimesukwa bapa kama wavu. Moja ni mviringo kabisa, mpira wa atomu sitini. Hatuwezi kuzifikia wala kuziona. Lakini nyota ikiwa nyuma ya wingu, mwanga wake unapita humo kuja kwetu, na kila molekuli inachukua rangi yake kidogo. Tukiupanua ule mwanga ukawa kama upinde wa mvua, tunakuta mistari ya giza pale rangi ilipochukuliwa. Mistari hiyo iko zaidi ya mia tano. Watu wameihangaikia kwa miaka mia moja, na karibu yote hakuna anayejua ni ya molekuli gani. Ule mpira tu ndio uliokwisha kutambuliwa kwa uhakika.

Nilipoelezwa haya mara ya kwanza wenzangu walikuna vichwa. Mimi nilikuona wewe jioni mlangoni pa zizi. Hujawahi kuhesabu ng'ombe, na mtu akiwahesabu mbele yako unamfukuza, kwa sababu kuwahesabu ni kuwaitia balaa. Unasimama tu wakipita, halafu unasema, "Yule mwekundu wa baka shingoni hayupo." Hukosei. Ndiyo kazi yangu hiyo, Baba. Natazama mwanga ukiingia na kusema nani hayupo.

Sasa habari yenyewe. Hapa maabara tuna molekuli moja ambayo tumeipoza mpaka ikakaribia baridi ya huko juu, tukapima rangi inazochukua. Ni mbili. Nimekwenda kuzitafuta kwenye mwanga wa nyota tatu, nimezikuta zote mbili, mistari miwili mahali pake hasa. Ukikolea mmoja na mwingine unakolea. Ikithibitika, nitakuwa nimeongeza jina kwenye orodha ambayo ina jina moja tu. Profesa amesema tungoje vipimo vya miezi ijayo kabla ya kutangaza. Silali kwa furaha. Nimeweka picha ya mistari ndani ya bahasha.

Binti yako,
Naserian


Mikumi, 15 Oktoba 2023

Naserian mwanangu,

Marahaba. Barua imefika. Mwalimu ameisoma mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza ndama walikuwa wanapiga kelele.

Mnadani sasa nawaambia kwamba unatafuta mifugo iliyopotea huko juu. Wameelewa mara moja, na mzee mmoja wa Ruhembe ameuliza kama unaweza kumtafutia na wake.

Nina swali. Umesema masizi. Masizi hayaji yenyewe. Nani aliyepika huko?

Huku wazima. Yule wa kijivu amezaa jike, rangi ya mama yake, ila ana alama nyeupe juu ya kwato. Mweusi wa tumbo jeupe alichechemea wiki nzima, sasa anatembea. Yule mwekundu wa baka shingoni bado mtundu, bado anataka mashamba ya watu. Binamu yako Elia ndiye anayetoka nao. Jioni nasimama mlangoni mwenyewe.

Usiharakishe kurudi. Mtu aliyeona unyayo hageuki akaenda nyumbani kunywa chai. Fuata mpaka umkamate.

Baba yako,
Samsoni
kwa mkono wa Mwalimu Anselmi

Mwanangu Naserian, naongeza langu. Picha yako ya mistari mzee ameishika juani muda mrefu, akaigeuza hivi na hivi, mwisho akaniambia nimweleze. Nimemweleza vizuri. Sikufundisha fizikia Kilosa miaka thelathini na moja ili nishindwe na karatasi moja. Nimejivuna njia nzima ndani ya basi, na hapakuwa na mtu wa kumwambia. A.


Uholanzi, 20 Januari 2024

Baba, shikamoo. Mwalimu, shikamoo.

Barua hii imechelewa, nisameheni. Baridi ni kali na jua likitoka linaondoka upesi.

Uliuliza nani alipika. Ni nyota zenyewe, Baba. Nyota ikizeeka inavimba, inapumua nje kaboni, na kaboni ikipoa inashikana. Kwa hiyo masizi yale ni ya wazee.

Kazi inaendelea vizuri. Mistari bado tunaipima. Mambo ya huku huenda polepole.

Nimehama chumba. Anwani mpya iko nyuma ya bahasha. Tafadhali msitume tena kupitia chuo, huku kwangu zitafika haraka zaidi.

Nilikuwa nauliza tu: Pasaka ningeweza kuja wiki chache. Ukitaka. Kama hutaki, si neno, kazi ipo ya kutosha.

Binti yako,
Naserian


Mikumi, 25 Februari 2024

Naserian mwanangu,

Marahaba. Tunamshukuru Mungu kwa uzima wako na kwa maendeleo ya kazi yako.

Pasaka usije. Ukiacha kazi katikati, mwingine ataikamata, halafu utakuwa umekuja kutazama nini? Huku hakuna kilichobadilika. Mimi ni yuleyule. Malisho yapo, maji yapo, mvua imenyesha ya kutosha hata kuzidi.

Ng'ombe wote arobaini na tatu wanarudi salama kila jioni. Binamu yako Elia anasalimia. Shangazi yako anasalimia.

Kaza moyo. Ukimaliza ndipo uje.

Baba yako,
Samsoni
kwa mkono wa Mwalimu Anselmi


Uholanzi, 28 Machi 2024

Mwalimu, shikamoo.

Barua hii ni yako peke yako. Naomba usiipeleke Mikumi.

Nimesoma barua ya Februari mara nyingi mno. Baba yangu hawezi kusema arobaini na tatu. Nimeishi naye miaka kumi na tisa na hajawahi kutamka idadi ya ng'ombe wake, hata kwa bwana mifugo aliyekuja na daftari la chanjo. Bwana mifugo aliondoka na ukurasa mtupu. Na katika barua nzima hakuna rangi hata moja. Hakuna wa kijivu, hakuna mwenye baka. Barua za Baba ni nusu salamu na nusu rangi za ng'ombe, wewe unayeziandika unalijua hilo kuliko mimi.

Wewe ulinifundisha kutazama kisichokuwepo. Ulileta kioo cha pembe tatu darasani, ukafunga madirisha kwa magunia, ukatuonyesha rangi ukutani, ukasema, "Msitazame tu zilizopo." Basi nimetazama. Aliyeniandikia barua hii hawaoni ng'ombe.

Nimekupigia mara sita. Inaita, hupokei. Mwalimu, Baba ana nini? Yupo?

Naserian


Kilosa, 27 Aprili 2024

Mwanangu Naserian,

Marahaba. Baba yako yupo, anakula, anagombana. Hilo nalitanguliza ili upumue.

Simu niliiona ikiita kila mara. Sikupokea kwa sababu nilimwahidi, na uongo naweza kuuandika lakini siwezi kuusema kwa mdomo mtoto akiniuliza. Barua yako nayo ilichelewa. Barabara ya kuja Kilosa ilikatika kwa maji wiki mbili.

Macho ya baba yako yamekwisha. Daktari wa Morogoro ameiita presha ya macho. La kulia lilizimika zamani, hata kabla hujaondoka, na hakumwambia mtu. La kushoto lilikuwa linafunga kutoka pembeni kuja katikati, polepole, mpaka akawa anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kitasa. Mwezi wa kumi, picha yako aliishika juani kwa sababu hiyo. Krismasi nilikaa mbele yake, magoti yakigusana, akaniambia ndevu zangu zimekuwa nyeupe. Mwezi wa pili likafunga. Sasa anajua tu kwamba ni mchana au usiku. Daktari amesema lililopotea halirudi, na kwamba tulichelewa.

Sasa kuhusu ile idadi. Jioni bado anasimama mlangoni, mkono juu ya mti wa lango, na Elia anadhani mzee anatazama. Siku ile niliyokwenda kuandika barua alinivuta akaninong'oneza, "Mwalimu, wote wapo?" Nitajuaje? Babu yangu aliletwa Kilosa kujenga reli, ukoo wetu wote ni wa nyundo na jembe, na kwangu mimi ng'ombe ni ng'ombe. Lakini asubuhi walipotoka nilikuwa nimewahesabu kimoyomoyo, mazoea ya kuita majina asubuhi shuleni, na jioni nikawahesabu tena. Nikamjibu, "Wote wapo." Yeye akasema, "Basi mwandikie wote wapo." Arobaini na tatu niliiweka mimi, nikiona inapendeza, inaonyesha uhakika. Hajui mpaka leo kwamba niliandika hivyo, na akijua atanifukuza. Nimekuwa mwalimu maisha yangu yote na kwa kosa moja la hesabu nimemvua mzee nguo mbele ya binti yake.

Alinikataza kukuambia kwa sababu moja tu. Anaamini kwamba uko karibu kukamata kitu ambacho hakuna aliyekikamata, na ukisikia habari zake utaacha. Anawaambia watu wote hivyo. Nilimwambia mara nyingi kwamba una haki ya kujua. Akasema nikikuandikia, nisikanyage tena kwake. Nami, mwanangu, tangu mke wangu afariki, basi la Mikumi ndiyo safari pekee niliyonayo. Niliogopa kuikosa. Nakuambia ukweli huo pia kwa sababu leo ni siku ya kusema kweli.

Jumamosi ijayo nitakwenda nimwambie kwamba umejua.

Wako,
Mwl. Anselmi


Uholanzi, 19 Mei 2024

Baba, shikamoo.

Mwalimu, soma kama ilivyo. Usilainishe.

Baba, najua kuhusu macho. Mwalimu hakunitafuta kukusemea; nilimlazimisha mimi. Nilikuwa na hasira ya kukuandikia maneno makali, nikakaa chini na kalamu, nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe nimekudanganya tangu Januari.

Hakuna kazi, Baba. Ile mistari miwili, mmoja haukuwa wa wingu. Dunia inavyozunguka jua, kuna miezi inakwenda kuielekea nyota na kuna miezi inaondoka, na kila kilichoko huko mbali lazima kisogee kidogo kwenye upinde. Novemba vipimo vipya vilifika. Mstari wa kwanza ulisogea inavyotakiwa. Wa pili haukusogea hata unywele. Kisichosogea si cha huko, ni cha hapa. Ulikuwa ni mvuke wa maji katika hewa yetu wenyewe, juu ya darubini, umekaa mahali palepale nilipotaka kuona kitu. Niliutazama siku mbili kabla ya kumwambia mtu. Nikaenda mwenyewe kwa Profesa nikamwambia nimekosea. Alisema nimefanya vizuri kusema. Mkataba wangu ulikuwa unaisha Desemba, na haukuongezwa.

Tangu hapo nafanya kazi ghalani, nafungasha maua. Yanakuja kwa ndege, mengine yanatoka Afrika kama mimi, tunayapanga kumi kumi na kuyafunga. Kule mnadani wewe unasema binti yako yuko karibu kukamata, na binti yako anafunga maua na kurudi chumbani ambako hana wa kumsalimia. Kuna wiki naisikia sauti yangu Jumapili tu, nikiimba kanisani.

Nilipouliza habari ya Pasaka, sikuwa nauliza. Nilitaka useme njoo. Ukasema usije. Nikasema moyoni, hata Baba anataka ile mistari, hanitaki mimi bila mistari.

Sasa sijui. Nirudi na nini? Niliondoka na ng'ombe wako wawili waliouzwa kwa ajili ya safari, na maneno ya wazee waliosema msichana hapelekwi mbali hivyo, na maombi ya watu. Nitasimama mbele yao niseme niliona mvuke? Niambie la kufanya, Baba. Ukisema nikae, nitakaa. Ila safari hii niambie lililo moyoni.

Naserian


Mikumi, 16 Juni 2024

Naserian,

Marahaba. Mwalimu nimemwambia aandike ninavyosema, asipambe, na akimaliza atanisomea. Kuhusu ile hesabu aliyoiandika, amekiri mwenyewe. Nimemfukuza. Amerudi Jumamosi iliyofuata, nimempa maziwa.

Barua yako aliisoma akasimama mara tatu. Mimi sikuguna. Ni yeye.

Umesema ulikosea kwa mvuke. Nimeuliza ni nani aliyeliona kosa, Mwalimu amesema ni wewe mwenyewe, na wewe mwenyewe ukaenda kulisema. Mnadani nimewaambia hivyo. Wengine wamecheka. Nimewaambia anayecheka anitajie siku yeye alipokwenda kusema kosa lake bila kuitwa. Wamehamia habari za mvua.

Halafu nimeuliza tarehe. Mwalimu akasema kazi yako iliisha Desemba. Nimemwambia arudie, akarudia.

Desemba nilikuwa bado naona, Naserian. Jicho la kushoto lilikuwa na kitundu, na uso wa mtu uliingia humo. Nilikuwa nalifumba mchana kutwa ili lisichoke, nalifumbua jioni kidogo tu, nikidhani jicho linawekwa akiba. Nilikuwa nakuwekea wewe. Na wewe ukaandika kwamba unaweza kuja, nami nikakuambia usije. Januari, ulipokuwa unaandika, wewe ulikuwa unafunga maua, na mimi nilikuwa nimekaa hapa nimefumba jicho zima. Tulikuwa hatuna kazi sote wawili.

Hilo limeniuma kuliko giza lenyewe. Giza nimelizoea.

Kosa langu ni kusema usije nikiwa nataka uje. La kwako ni kusema kazi inaendelea wakati imekwisha. Hatutaulizana tena nani alianza. Wale ng'ombe wawili niliwatoa kwa ajili yako, si kwa ajili ya mistari. Wazee waliosema maneno, nitakaa nao mimi.

Umeniuliza la kufanya. Njoo. Usingoje kitu cha kuja nacho. Mwalimu anataka kuongeza kwamba shule zinatafuta walimu wa fizikia. Nimemwambia hilo tutalisema ukishakula na kulala.

Shuka Mikumi stendi. Elia atakupokea, atakuleta mpaka njia panda, kisha nimemwambia akuache uje peke yako. Nitakuwa nimesimama nje. Usije ukasimama kimya ukingoja nikuone. Niite.

Baba yako,
Samsoni
kwa mkono wa Mwalimu Anselmi